Neva ya pumzi: Umeme mdogo unaomwezesha mgonjwa kupumua bila mashine

KILA mtu aliyewahi kushikwa na kwikwi ameionja nguvu ya mshipa mmoja wa fahamu ambao wengi hawaujui hata kwa jina. Tumbo hushtuka, hewa huingia kwa ghafla, koo hujifunga, na sauti ile inayofahamika husikika. Mwenye kwikwi hakuitaka, wala hawezi kuizuia kwa kuamua tu.

Mshipa huo ni neva ya kiwambo, ambayo katika lugha ya kitabibu huitwa neva ya freniki. Ndio unaopeleka amri ya kupumua kutoka shingoni hadi kwenye kiwambo, yaani ule msuli mpana wenye umbo la kuba unaotenganisha kifua na tumbo.

Kwa mtu mzima aliyetulia, amri hiyo hutolewa kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, usiku na mchana, bila mwenyewe kuikumbuka. Ikikatika, muda wa kuokoa maisha huhesabiwa kwa dakika. Mgonjwa anayewahiwa huunganishwa na mashine ya kupumulia, na wapo ambao hubaki nayo hadi mwisho wa uhai wao.

Kwa zaidi ya nusu karne sasa, madaktari katika nchi kadhaa wamekuwa wakitumia njia nyingine kwa baadhi ya wagonjwa hao, nayo ni kuiamsha neva hiyo kwa umeme mdogo utokao kwenye kifaa kilichopandikizwa mwilini. Kifaa hicho hakipumui kwa niaba ya mgonjwa. Kazi yake ni kuuamsha msuli wake mwenyewe.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa mafanikio yote ya tiba hii, na pia ndiyo chanzo cha mipaka yake. Neva na msuli vikiwa hai, mgonjwa anaweza kuachana na mashine kwa saa nyingi au kabisa. Vikiwa vimekufa au vinaendelea kufa, kifaa hakina cha kuamsha, na kinaweza hata kuleta madhara.

Safari ya amri ya kupumua

Amri ya kupumua huanzia sehemu ya chini ya ubongo, mahali unapoungana na ugwe wa uti wa mgongo. Kutoka hapo hushuka hadi kwenye mizizi ya tatu, ya nne na ya tano ya neva za shingo. Mizizi hiyo ndiyo inayoungana na kufanya neva ya kiwambo, moja upande wa kulia na nyingine upande wa kushoto.

Neva hizo mbili hushuka shingoni, huingia kifuani na kupita ubavuni mwa moyo kabla ya kufika kwenye kiwambo. Ya kushoto hupita juu ya mfuko unaoufunika moyo, karibu na chumba chake kikubwa cha kushoto. Ya kulia hupita karibu na mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni kutoka kichwani na mikononi. Ujirani huu wa neva na moyo una maana kubwa, kama itakavyoelezwa baadaye.

Amri inapofika, kiwambo hujikaza na kushuka. Nafasi ya kifua huongezeka, na kiasi cha nusu lita ya hewa huvutwa ndani. Amri inapokoma, msuli hulegea, hupanda tena, na hewa hutoka yenyewe.

Hapa ndipo pumzi ya asili inapoachana na pumzi ya mashine. Mwili huivuta hewa kutoka nje, ilhali mashine huisukuma ndani ya mapafu kwa nguvu kupitia mrija uliopitishwa mdomoni au kwenye tundu lililotobolewa kooni.

Majeraha ya shingo nayo hayafanani. Mtu akiumia ugwe katika pingili ya kwanza au ya pili, juu kabisa karibu na fuvu, amri ya ubongo hukatika, lakini chembe za neva ya kiwambo zilizo chini yake zinaweza kubaki salama. Ni mfano wa nyumba iliyokatiwa umeme kwenye nguzo ya barabarani. Nyaya za ndani ni nzima, taa ni nzima, ila umeme haufiki.

Jeraha likiangukia kwenye eneo la mizizi ya tatu hadi ya tano, hali huwa nyingine. Hapo ni nyaya za ndani zenyewe zilizoungua. Chembe zinazoilisha neva hufa, neva hunyauka, na umeme wa nje hauwezi kuifufua. Kwa sababu hiyo, kabla ya upasuaji wowote, madaktari huipima neva kwa kuigusa shingoni na umeme kidogo huku wakitazama kwa eksirei ya moja kwa moja au kwa altrasaundi kama kiwambo kinasogea.

Wazo la kale, kifaa cha kisasa

Fikra ya kutumia umeme kumrudishia mtu pumzi si ya leo. Mwaka 1783, daktari wa Ujerumani Christoph Wilhelm Hufeland aliandika kuhusu matumizi ya umeme kwa watu waliokatika pumzi. Katika karne ya 19, daktari Mfaransa Guillaume Duchenne, mmoja wa waasisi wa tiba ya umeme kwa misuli, alionyesha kuwa kuigusa neva ya kiwambo kwa umeme huigiza pumzi ya asili.

Wazo hilo lilipata msukumo mpya baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati ugonjwa wa polio ulipokuwa ukiwalaza maelfu ya watoto na vijana ndani ya mashine kubwa za chuma zilizowasaidia kupumua. Mwaka 1948, Stanley Sarnoff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani walieleza namna ya kuendesha upumuaji kwa kuisisimua neva ya kiwambo.

Kazi ya Sarnoff ilikuwa ya muda mfupi kwa kila mgonjwa. Aliyeifanya kuwa tiba ya kuishi nayo ni William Glenn, daktari wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Yale. Katika miaka ya 1960, yeye na wenzake walitengeneza mfumo unaopitisha nishati kwa mawimbi ya redio kupitia ngozi, hivyo kuondoa ulazima wa waya kutokeza nje ya mwili.

Mgonjwa wao wa kwanza wa muda mrefu alikuwa mtu ambaye ubongo wake ulishindwa kuamrisha pumzi ya kutosha. Mwaka 1972, Glenn na wenzake walitoa taarifa ya mgonjwa aliyepooza mikono na miguu ambaye upumuaji wake wote uliendeshwa kwa njia hiyo.

Walijifunza pia kwa gharama kwamba msuli huchoka. Umeme wa kasi kubwa uliotolewa mfululizo uliudhoofisha msuli, kiasi kwamba ililazimu upande mmoja wa kiwambo upumzike wakati mwingine ukifanya kazi. Mwaka 1984, timu hiyo ilitangaza kuwa msuli ukizoeshwa polepole kwa mapigo ya kasi ndogo, pande zote mbili zinaweza kufanya kazi pamoja kwa muda wote.

Kifaa kinavyofanya kazi

Leo kuna njia kuu mbili za kukipandikiza kifaa hicho kwa wagonjwa wasioweza kupumua.

Njia ya kwanza ndiyo iliyotokana na kazi ya Glenn. Daktari hufungua shingo au kifua na kuweka elektrodi ndogo kwenye kila neva. Elektrodi huunganishwa na kipokezi kinachofukiwa chini ya ngozi. Juu ya ngozi hiyo hubandikwa antena iliyounganishwa na kisanduku kinachobebwa nje, kinachotumia betri ndogo na kutoa mawimbi ya redio. Ndani ya mwili hakuna betri, hivyo mgonjwa hahitaji kufunguliwa kwa ajili ya kuibadilisha.

Njia ya pili haiigusi neva yenyewe. Kwa upasuaji wa matundu madogo tumboni, daktari hutafuta mahali neva inapoingia kwenye kiwambo, kisha huchomeka elektrodi mbili kila upande ndani ya msuli. Nyaya hutokezwa nje ya ngozi na kuunganishwa na kisanduku cha betri. Upasuaji huu ni mwepesi zaidi, lakini mahali nyaya zinapotokea huhitaji usafi wa kila siku ili kuzuia maambukizi.

Katika njia zote mbili, siku ya upasuaji si siku ya kuachana na mashine. Msuli uliokaa bila kazi huwa umenyong'onyea, na kunyong'onyea huko huanza mapema mno. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulichunguza viwambo vya watu 14 waliokufa ubongo, waliokuwa wamekaa kwenye mashine ya kupumulia kwa saa 18 hadi 69 tu. Nyuzi za misuli yao zilikuwa zimepungua ukubwa kwa zaidi ya nusu zikilinganishwa na za wagonjwa waliokaa kwenye mashine kwa saa mbili au tatu za upasuaji.

Hivyo mgonjwa huanza kwa dakika chache kwa kila saa, kisha muda huongezwa kidogo kidogo kwa wiki au miezi. Mazoezi hayo hubadilisha nyuzi zinazochoka haraka kuwa zile zinazostahimili kazi ndefu. Familia inayotarajia muujiza wa siku moja hukata tamaa bure, kwani kinachotakiwa ni subira ile ile ya mtu anayejifunza tena kutembea.

Mgonjwa aliyeijulisha dunia

Tiba hii ilipata umaarufu mkubwa kupitia mwigizaji wa Marekani Christopher Reeve, aliyefahamika kote duniani kwa filamu ya Superman ya mwaka 1978. Tarehe 27 Mei 1995 alianguka kutoka kwenye farasi katika mashindano huko Virginia na kuumia pingili mbili za juu za shingo. Tangu hapo alipooza kuanzia shingoni kwenda chini na kutegemea mashine ya kupumulia.

Mwezi Februari 2003, katika jiji la Cleveland, alipandikizwa elektrodi kwenye kiwambo kwa njia ile ya matundu madogo. Mbinu hiyo iliendelezwa na daktari wa upasuaji Raymond Onders pamoja na watafiti wenzake wa jiji hilo, ambako mgonjwa wa kwanza alikuwa amefanyiwa mwaka 2000. Reeve aliweza kupumua kwa vipindi bila mashine. Alifariki dunia tarehe 10 Oktoba 2004.

Mwaka 2008, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kifaa cha aina hiyo kwa wagonjwa walioumia ugwe wa uti wa mgongo ambao neva zao za kiwambo bado zinaitikia.

Wanachokipata wagonjwa waliofaulu ni zaidi ya hewa. Sauti hutoka kwa urahisi zaidi, na kunusa hurejea pale hewa inapopita tena puani. Kelele za mashine kitandani hunyamaza, na kisanduku cha betri kinabebeka kwenye kiti cha magurudumu. Kwa familia yoyote inayoishi kwa hofu ya umeme kukatika, tofauti kati ya mashine nzito ya ukutani na betri ya mkononi si jambo dogo.

Watoto wanaosahau kupumua usingizini

Kundi jingine linalonufaika ni la watoto wanaozaliwa na tatizo adimu ambalo huufanya ubongo ushindwe kuongoza pumzi, hasa wakati wa usingizi. Mtoto wa namna hiyo anaweza kucheza na kucheka mchana, lakini akilala, pumzi hufifia bila yeye kuamka wala kuhangaika. Mwaka 2003, watafiti nchini Ufaransa walibaini kuwa tatizo hilo linatokana na hitilafu katika jeni iitwayo PHOX2B.

Neva na kiwambo cha mtoto huyu ni vizima. Kilichopungua ni amri. Wengi hutumia mashine usiku tu. Wale wanaohitaji msaada saa 24 wanaweza kutumia kifaa cha kuamsha neva mchana, ili waende shule na kukimbia na wenzao, kisha usiku wakarudi kwenye mashine na kukipa kiwambo mapumziko.

Pumzi inayokatika usiku kwa watu wazima

Wasomaji wengi wamesikia habari za watu wanaokoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini kwa sababu koo limeziba. Ipo aina nyingine isiyotokana na koo. Njia ya hewa iko wazi, lakini ubongo haupeleki amri kwa sekunde kadhaa, kisha hupeleka, halafu hunyamaza tena. Hali hii huwapata hasa baadhi ya watu wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri.

Mwaka 2017, FDA iliidhinisha kifaa kwa ajili ya wagonjwa wazima wenye tatizo hilo kwa kiwango cha kati au kikubwa. Kifaa huwekwa kifuani chini ya ngozi kama betri ya moyo, na waya wake hupitishwa ndani ya mshipa wa damu hadi jirani na neva ya kiwambo. Hujiwasha chenyewe usiku mgonjwa anapolala.

Uamuzi huo uliegemea utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliowahusisha wagonjwa 151. Baada ya miezi sita, asilimia 51 ya waliotibiwa walikuwa wamepunguza vipindi vya kukatika kwa pumzi kwa nusu au zaidi, ikilinganishwa na asilimia 11 ya wale ambao kifaa chao hakikuwashwa. Ni hatua njema, ingawa takwimu hizo hizo zinaonyesha kuwa karibu nusu ya waliotibiwa hawakufikia kiwango hicho.

Pale matumaini yalipogonga mwamba

Mafanikio kwa waliovunjika shingo yaliwafanya madaktari waitazame tiba hii kwa ajili ya ugonjwa unaojulikana kwa kifupi kama ALS, ambao huua polepole neva zinazoendesha misuli. Wagonjwa wengi wa ALS hufariki kwa sababu misuli ya kupumua imeishiwa nguvu. Ilionekana ni jambo la busara kukiamsha kiwambo kabla hakijazimika, na mwaka 2011 FDA iliruhusu kifaa hicho kitumike kwa baadhi yao.

Kisha ukafanyika utafiti wa kuwalinganisha wagonjwa kwa haki. Nchini Uingereza, wagonjwa 74 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilitumia mashine ya kupumulia ya barakoa peke yake, na jingine likaongezewa kifaa cha kiwambo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalishtua. Katika kundi la barakoa peke yake, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 22.5, katika kundi lililoongezewa kifaa, muda huo ulikuwa miezi 11. Utafiti mwingine uliofanyika Ufaransa nao ulisimamisha uandikishaji wa wagonjwa baada ya kuona vifo vingi zaidi kwa waliowashiwa kifaa.

Somo lake ni zito. Katika jeraha la shingo, neva iliyo chini ya jeraha imesimama ilipo, ikisubiri amri. Katika ALS, neva yenyewe inaendelea kufa. Kifaa kilichomsaidia mgonjwa wa kwanza hakikumsaidia wa pili, na bila utafiti wa kulinganisha, wagonjwa wangeendelea kupandikizwa kwa nia njema iliyokuwa ikiwadhuru.

Betri ya moyo inapoigusa neva

Kwa wasomaji wengi wa ukanda huu, mahali wanapoweza kukutana na neva ya kiwambo si kwenye chumba cha wagonjwa waliovunjika shingo, bali kwenye kliniki ya moyo. Vifaa vya kurekebisha mapigo, vinavyojulikana zaidi kama betri za moyo, hupandikizwa hapa Afrika Mashariki, ikiwamo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam.

Kwa kuwa neva hupita ubavuni mwa moyo, waya wa betri unaweza kuuamsha moyo na, bila kukusudiwa, kuiamsha neva pia. Hutokea zaidi pale waya unapowekwa upande wa kushoto wa moyo, kama inavyofanywa kwa baadhi ya wagonjwa wenye moyo uliodhoofika. Mgonjwa huhisi mshtuko chini ya mbavu unaofanana na kwikwi, ukienda sambamba na mapigo, na mara nyingi huzidi anapolala ubavu wa kushoto.

Mgonjwa asiyeelezwa jambo hili anaweza kudhani amerogwa, au akaona haya kurudi hospitali kwa ajili ya kwikwi tu. Asifanye hivyo. Mara nyingi daktari hulimaliza tatizo kwa kupunguza nguvu ya umeme au kubadilisha njia yake kwa kompyuta maalumu, bila kuchana ngozi. Lakini wakati mwingine mshtuko huo ni ishara kwamba waya umehama au umetoboa ukuta wa moyo, jambo linalohitaji huduma ya haraka, hasa likiambatana na maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia.

Madaktari wa moyo pia huiamsha neva hii kwa makusudi ili kuilinda. Katika tiba ya kugandisha kwa baridi sehemu za moyo zinazosababisha mapigo kwenda ovyo, neva ya kulia inaweza kuunguzwa na baridi hiyo. Wakati wa kazi hiyo huipiga kwa umeme kidogo kwa kurudia, huku mmoja wao akiweka kiganja juu ya tumbo la mgonjwa. Maadamu kiwambo kinaruka kwa nguvu, kazi huendelea. Mruko ukianza kufifia, baridi husimamishwa mara moja.

Mipaka ambayo familia inapaswa kuijua

Kifaa cha kuamsha kiwambo hakirudishi kila kitu. Kiwambo huvuta hewa tu, ilhali kukohoa hutegemea misuli ya tumbo na kifua inayoisukuma hewa nje. Aliyepooza kuanzia shingoni bado huhitaji mtu wa kumsaidia kutoa makohozi, vinginevyo homa ya mapafu humnyemelea.

Aidha, misuli ya koo haipokei amri ya kifaa. Mgonjwa anapolala, kiwambo kinaweza kuvuta hewa wakati koo limejifunga. Kwa sababu hiyo, wagonjwa wengi hubaki na tundu la kooni, au hulifungua usiku tu.

Waya huweza kukatika, kipokezi huharibika, na antena huteleza kutoka mahali pake. Kifaa kinaweza kuendelea kutoa mapigo bila kujua kama hewa inaingia au la. Mgonjwa anayekitegemea anapaswa kuwa na kipimo cha oksijeni, mashine ya akiba na mtu aliyefundishwa cha kufanya. Pia ni lazima aeleze kuwa ana kifaa mwilini kabla ya kuingizwa kwenye kipimo chochote cha MRI, kwa kuwa sumaku yake inaweza kuleta madhara.

Familia inayoelezwa kuhusu tiba hii, iwe hapa nyumbani au inapotafuta matibabu ng'ambo, inafaa iulize maswali manne kabla ya kuuza shamba au kuchangisha fedha. Je, neva zote mbili zimepimwa na kuonekana hai? Je, jeraha limeacha kubadilika, au ugonjwa bado unaendelea kuziua neva? Ni nani atakayemzoesha mgonjwa kwa miezi inayofuata? Na kifaa kikiharibika, vipuri na mtaalamu vitapatikana wapi?

Shingo isipindwe

Majeraha ya shingo katika nchi zetu hutokana na ajali za barabarani, na pia watu kuanguka kutoka juu ya minazi, miembe na majengo. Wengi hubebwa na wasamaria wema kwa mikono na miguu, kichwa kikining'inia, au huketishwa kwenye pikipiki ili wafikishwe hospitali upesi.

Haraka hiyo inaweza kuligeuza jeraha dogo kuwa kubwa. Ikiwa hakuna hatari ya moto au maji mahali alipo, majeruhi anayeshukiwa kuumia shingo aachwe alivyolala, kichwa chake kishikwe kisicheze, na msaada uitwe. Akilazimika kuhamishwa, abebwe juu ya ubao na watu kadhaa, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa katika mstari mmoja. Akiwa hapumui, anayejua huduma ya kwanza ampulizie pumzi mdomoni bila kuipinda shingo, kwani kukosa hewa humuua mapema kuliko jeraha lenyewe.

Kifaa cha kuamsha neva ya kiwambo ni ushahidi wa jinsi utabibu ulivyosonga mbele. Lakini kila mgonjwa aliyenufaika nacho alikuwa, kwanza kabisa, mtu ambaye neva yake ilibaki hai kuanzia pale alipoumia hadi alipofika kwa daktari.